Mjumbe wa Muziki

NEEMA: Kabla hata ya karibuni, Chande. Jumamosi, kule harusini. Eleza.

CHANDE: Mimi nilikuwa mjumbe tu wa kamati.

NEEMA: Mjumbe wa nini?

CHANDE: ...Wa muziki.

NEEMA: Haya. Bibi harusi yuko mlangoni, mashangazi wanasubiri kupiga vigelegele. Mjumbe wetu akamwambia DJ aweke nini?

CHANDE: Roxette, wale wawili wa Sweden. "It Must Have Been Love". Na watu walilia!

NEEMA: Walilia wanaojua Kiingereza! Mwimbaji wao, Marie Fredriksson, anasema yalikuwa mapenzi ila sasa basi. Basi, Mjumbe! Na keki haijakatwa.

CHANDE: Wimbo wa Pretty Woman huo, filamu ya mapenzi. 1990 ulishika namba moja Marekani.

NEEMA: Ulitoka Sweden 1987, wimbo wa Krismasi wa walioachwa. Kwa ajili ya filamu wakaitoa Krismasi, wakaweka siku ya baridi. Umemwingiza binti wa watu ukumbini kwa wimbo wa talaka wa Krismasi, na joto hili la Dar.

CHANDE: Turudi kwenye mada. Marie na Per Gessle walianza Roxette 1986, kule Halmstad...

NEEMA: Bwana harusi alikuwa anafanya nini?

CHANDE: Anatikisa kichwa.

NEEMA: Kwa mdundo au kwa masikitiko?

CHANDE: (anacheka) Neema, sikiliza. Maneno kaandika Per. Marie akishafungua koo, nani anayakumbuka? Angesoma hata orodha ya michango ya harusi, ungelia.

NEEMA: Angefika kwenye deni lako, ungelia wewe.

CHANDE: Shangazi yangu hajui Kiingereza na alielewa kila kitu.

NEEMA: Alielewa nini?

CHANDE: Kwamba mtu anapenda.

NEEMA: Alipenda! Hapo sikubali, na sitanii. Yule mama aliimba vile kwa sababu alijua anachokisema. Ukimwondolea maana unamfanya kinanda.

CHANDE: Na "The Look"? Mwanafunzi wa Minneapolis aliyekuwa akisoma Sweden alirudi kwao na albamu, akaipeleka redioni. 1989 wimbo ukawa namba moja Marekani. Nani aliuliza maana?

NEEMA: Huo kaimba Per! Maneno ya kupimia mdundo, wakayaacha humohumo. Yasiyo na maana kaimba Per, yenye uzito akapewa Marie. Umenisaidia.

CHANDE: Sijakusaidia. Sauti ndiyo maana.

NEEMA: Siyo.

CHANDE: Ndiyo.

(kimya)

NEEMA: LUKU inalia.

CHANDE: Na yale mambo matatu ya kujifunza kwa Marie tuliyopanga kusema leo? Uvimbe wa ubongo 2002, Marie akaurudia muziki...

NEEMA: Uniti hazitoshi hata jambo la kwanza. Wasikilizaji, harusi ya mdogo wangu ni Desemba, na kwenye kamati huyu hakanyagi.

CHANDE: Desemba? Si ndiyo Krismasi ye...

(umeme unakatika)