Jinsi ya kuchagua na kutunza mvinyo mwekundu wa zamani wa Bordeaux

Karibuni tena. Hapa mezani nina chupa ya Bordeaux, eneo la mvinyo huko Ufaransa, mavuno ya 1996, kutoka sehemu yake iitwayo Médoc. Tuikague pamoja kabla hujapeleka pesa yako mnadani.

Kwanza, achana na lebo. Inua chupa, mulika kwa nyuma. Tochi ya simu inatosha. Tazama mvinyo umeishia wapi. Chupa ya Bordeaux ina mabega, na hayo ndiyo kipimo chetu. Ona, huu umesimama chini kidogo ya shingo. Kwa umri wake, safi kabisa: kizibo hupitisha hewa kidogo kidogo, na mvinyo hupungua miaka inavyokwenda. Ukikuta umeshuka hadi katikati ya bega, iache, hata kama jina lake linatikisa dunia. Sasa pitisha kidole pembeni ya kifuniko cha bati. Pananata? Basi imewahi kuvuja, na mara nyingi chanzo ni joto.

Lebo sasa. Madaraja ya mashamba ya mvinyo ya Médoc yalipangwa 1855, nayo ni matano. La kwanza wamo akina Lafite, Latour na Margaux, pamoja na Mouton iliyopandishwa 1973. Bei zao zinaumiza. Kama ndiyo unaanza, tafuta daraja la nne au la tano, lakini mwaka uwe mzuri: 1996, 2000, 2005. Na muulize muuzaji chupa ilikaa wapi miaka yote hiyo. Akibabaika, ondoka.

Nyumbani, ilaze ili kizibo kisikauke. Giza, nyuzi joto 12 hadi 14, zisipande na kushuka. Juu ya friji hapafai, nakuomba.

Siku ya kufungua: isimamishe tangu jana yake, mashapo yatue chini. Kizibo cha zamani hukatika, kwa hiyo tumia kizibuo cha vijiti viwili bapa. Vipenyeze kando ya kizibo, kisha zungusha huku unavuta. Taratibu. Hivyo hivyo.

Weka taa chini ya shingo, mimina kwenye jagi la kioo bila kusitasita. Angalia hapa: uzi mweusi wa mashapo unasogea kuelekea shingoni. Simama. Hicho kilichobaki kiache humo humo.

Glasi ziwe tayari, maana harufu hii ya mwerezi na tumbaku haitangoji wageni waliochelewa.