Bamia za Oveni Zilizokauka Kau kwa Jibini

Karibuni watazamaji. Katika video hii tutaandaa bamia za kuoka katika oveni pamoja na jibini, kitoweo cha pembeni kinachofaa kuliwa na samaki wa kukaanga, kuku wa kuchoma au wali wa nazi. Wengi wetu hapa pwani tumezizoea bamia ndani ya mchuzi, au zikiwa zimepikwa mlenda, na katika mapishi hayo utelezi wake ndio sifa yake. Leo tunataka kinyume chake kabisa, yaani bamia iliyokauka kau, yenye kingo za rangi ya kahawia na utando mwembamba wa jibini unaovunjika mara tu unapoumwa. Kinachozuia matokeo hayo ni maji, na katika jiji la Dar es Salaam maji hayo yamo ndani ya bamia, yamo juu ya ubao wa kukatia na yamo hata katika hewa ya jikoni, kwa hiyo karibu kila hatua mtakayoiona imewekwa kwa ajili ya kuyapunguza.

Kwa walaji wanne tutahitaji nusu kilo ya bamia, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia, gramu 60 za jibini ngumu, kijiko kimoja cha chakula cha unga wa sembe, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga iliyosagwa, nusu kijiko cha chai cha unga wa kitunguu saumu, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja ya kukamulia mezani. Andaeni pia trei mbili pana za oveni. Trei moja inatosha kuzibeba bamia zote, lakini haitoshi kuzikausha.

Kazi ya kwanza hufanyika sokoni, nayo ndiyo ambayo wapishi wengi huipita haraka mno. Iwe mnanunua Kariakoo, Kisutu, Buguruni au kwenye genge la mtaani, chagueni bamia changa zenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, zenye rangi ya kijani iliyochangamka na zisizo na madoa meusi. Bamia iliyokomaa huwa na nyuzi ngumu, na joto kali la oveni halizilainishi nyuzi hizo kama mchuzi unavyoweza kuzilainisha kidogo, bali huzikausha zikawa kama vijiti. Kipimo cha kuaminika ni kuipinda ncha ya bamia: ikikatika mara moja ni changa, na ikijipinda bila kukatika imekwisha kukomaa. Wauzaji hawapendi mteja avunje bamia asizozilipia, nao wana haki, hivyo ombeni ruhusa, jaribuni moja tu, kisha mlipie na hiyo iliyovunjwa. Epukeni fungu lililonyunyiziwa maji ili lionekane bichi, kwa sababu bamia iliyokaa na maji juu yake huanza kuteleza hata kabla ya kuguswa na kisu.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tunabebea mboga katika mifuko mbadala, na kwa bamia mabadiliko hayo yamekuwa na faida, kwani mfuko unaopitisha hewa hauzifanyi zitoe jasho njiani. Mkifika nyumbani msizioshe kama hampiki siku hiyo. Ziwekeni katika mfuko wa karatasi, na kama mnatumia friji, zikae sehemu isiyo na baridi kali, kwa kuwa chini ya nyuzi 7 za Selsiasi bamia huanza kuharibika na kutoa vishimo na madoa. Zikihifadhiwa hivyo katika mfuko wa karatasi, zitumike ndani ya siku mbili au tatu.

Sasa tunaziosha. Tazameni kwamba ninaziosha zikiwa nzima, vikonyo vikiwa bado vipo, na ninafanya hivyo haraka chini ya bomba badala ya kuziloweka katika bakuli. Ute wa bamia umeundwa na sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, na minyororo hiyo inapokutana na maji huyanyonya, huvimba, na kuwa ule utelezi tunaoujua. Anayekata bamia kwanza kisha akaziosha huwa ameukaribisha utelezi huo yeye mwenyewe, na hakuna moto utakaouondoa kikamilifu.

Baada ya kuziosha, zitandazeni juu ya kitambaa safi cha pamba, zipanguseni moja moja, kisha ziacheni chini ya feni kwa muda wa nusu saa. Khanga kuukuu iliyofuliwa vizuri hufaa sana kwa kazi hii, kwa sababu hunyonya maji bila kuacha manyoya. Katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya jiji hili huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba nusu saa haitoshi, kwa hiyo ongezeni muda, au ziwekeni katika chumba chenye kiyoyozi ikiwa mnacho. Zishikeni kabla ya kuendelea. Bamia iliyo tayari haiachi alama yoyote ya maji kwenye viganja.

Wakati bamia zinakauka tunawasha oveni ili ifike nyuzi 220, au nyuzi 200 kwa oveni yenye feni ndani, na tunaipa dakika 15 hadi 20 ipate moto wa kweli. Sababu ya kutaka joto la namna hii ni rahisi kueleza. Maji huchemka katika nyuzi 100, na kwa muda wote ambao uso wa bamia una maji, joto lake haliwezi kupanda sana zaidi ya hapo, ilhali rangi ya kahawia na ile harufu ya kuokwa huanza kujitokeza uso unapokaribia nyuzi 140. Oveni ya joto la wastani huzipika bamia kwa mvuke wake zenyewe, zikaiva, zikalegea, na zisipate rangi.

Majiko mengi ya nyumbani hapa mjini yana oveni ya gesi ambayo kitufe chake hakisemi ukweli kila wakati. Mtu asiye na kipimajoto cha oveni anaweza kutumia sukari, ambayo huyeyuka katika nyuzi 186 hivi. Wekeni kijiko kimoja cha sukari juu ya kipande cha karatasi ya foili, mkiingize katika oveni iliyokwisha kupata moto, na kama baada ya dakika 15 chembe hazijaanza kuyeyuka, oveni hiyo bado iko mbali na joto tunalolihitaji, hata kama kitufe kinaonyesha 220. Jambo jingine la kujua ni kwamba gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji, hivyo oveni ya gesi ina unyevu zaidi kuliko ya umeme. Tutalirekebisha hilo baadaye kidogo kwa mlango.

Tukirudi kwenye bamia, tunaondoa kikonyo kwa kukata pembamba, kisha tunapasua kila bamia kwa urefu wake ipate vipande viwili. Kuna wanaopenda kukata vikiringi, na vikiringi hupendeza katika mchuzi, lakini hapa havifai, kwa kuwa kila kiringi hufungua majeraha mawili ya kutolea ute na hakina mahali pa kushika jibini. Kipande cha urefu kina uso mmoja bapa, na uso huo ndio utakaogusa trei ya moto. Kila kisu kinapoanza kunata, kifuteni kwa kitambaa kikavu, wala msikisuuze.

Katika bakuli pana na kavu tunaweka bamia pamoja na mafuta, tunageuza kwa mikono mpaka kila kipande king'ae, kisha tunanyunyiza sembe, pilipili manga na unga wa kitunguu saumu. Sembe haipo hapa kwa ajili ya kujaza. Inanyonya ute mdogo unaotoka kwenye mkato na kutengeneza ganda jembamba, na kijiko kimoja kinatosha, kwa maana ukizidisha utaonja unga mbichi. Kitunguu saumu kibichi kisitumike, kwa sababu katika nyuzi 220 kitaungua na kuwa kichungu muda mrefu kabla bamia hazijaiva.

Kuhusu mafuta, naomba tuelewane vizuri. Mafuta ya alizeti yanafaa, lakini yawe yale yaliyosafishwa. Yale yasiyosafishwa, ambayo wengi huletewa kwenye madumu kutoka Singida au Dodoma na ambayo yana harufu nzuri ya mbegu, huanza kutoa moshi katika joto lililo chini sana ya lile la oveni hii, na matokeo yake ni jikoni kujaa moshi na chakula kuwa na ladha ya ukali. Hayo yahifadhiwe kwa mapishi ya moto mdogo.

Chumvi huja mwisho, bamia zikiwa zinaelekea kwenye trei, kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga, na kila dakika ya kusubiri ni maji zaidi juu ya uso. Msiogope uchache wake, kwani jibini italeta chumvi yake.

Tandikeni trei kwa karatasi ya kuokea inayostahimili joto hili, jambo ambalo huandikwa kwenye pakiti yake. Karatasi ya kaki ya kufungia bidhaa isitumike, kwa sababu inaweza kushika moto, na foili nayo hung'ang'ania jibini mpaka mnaishia kubandua vipande. Pangeni bamia uso uliokatwa ukitazama chini, na kati ya kipande na kipande iwepo nafasi ya upana wa kidole. Hapa ndipo trei ya pili inapojipatia kazi, maana vipande vinavyogusana hupeana mvuke na vyote hubaki vimelegea.

Zikiokwa kwa dakika 8, funguweni mlango kwa sekunde chache ili mvuke utoke, badilisheni trei ya juu iende chini na ya chini ije juu, kisha mfunge. Baada ya dakika nyingine 5 hadi 7 geuzeni vipande. Uso mnaouona sasa unapaswa kuwa na rangi ya kahawia pembezoni, na mbegu zikiwa zimeanza kupata rangi ya dhahabu. Zikiwa bado zina rangi ya kijani kibichi na zinang'aa, zirudisheni bila jibini kwa dakika 3 au 4, na subira hiyo ni ya lazima, kwa kuwa jibini ikishawekwa juu, unyevu uliobaki chini yake haupati tena njia nzuri ya kutoka.

Jibini tunayoitumia ni ngumu na iliyokomazwa, ya aina ya Parmesan. Parmigiano-Reggiano halisi ya Italia hukomazwa kwa angalau miezi 12 na hubaki na maji kiasi cha theluthi moja tu ya uzito wake, ndiyo maana hukauka na kuvunjika. Mozzarella, ambayo watu huipenda kwenye piza, ina maji yanayofikia nusu ya uzito wake au zaidi, na ingawa huvutika vizuri, itazilowesha bamia zote tulizozitaabikia. Cheddar huangukia katikati, inafaa kwa dharura, ila huachia mafuta. Katika maduka makubwa ya jijini hupatikana pia jibini za Njombe, na katika hizo tafuteni iliyo ngumu kuliko zote. Kwa watazamaji wanaozingatia halali, au wasiokula nyama, someni lebo kwanza, maana Parmigiano-Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, ilhali jibini nyingine ngumu hutumia kimeng'enya kisichotoka kwa mnyama.

Ikwangueni wenyewe kwa upande wenye matundu madogo, kwa sababu ile inayouzwa ikiwa imekwisha kukwanguliwa mara nyingi huchanganywa na unga wa kuzuia kugandana, nayo haiyeyuki sawasawa. Nyunyizeni juu ya kila kipande, pamoja na kidogo pembeni, ambapo itajiunda kuwa vijiganda vyenye matundu. Rudisheni trei kwa dakika 5 hadi 7, na katika muda huo msiondoke jikoni hata kwa simu, kwani jibini hutoka kwenye dhahabu kwenda kwenye uchungu ndani ya dakika moja.

Trei ikitoka, iacheni itulie kwa dakika 3. Jibini ya moto ni laini daima, na inakauka inapopoa kidogo, kwa hiyo anayeonja mara moja anaweza kudhani amekosea. Kisha pakueni kwa mwiko bapa katika sahani pana, bila kuzirundika. Najua kwamba katika nyumba nyingi chakula kikiiva huingia moja kwa moja kwenye hotpoti, lakini chombo hicho hufungia mvuke ndani, na dakika 10 zinatosha kuzirudisha bamia kwenye ulaini. Ikiwa nzi wanasumbua, subirini mvuke upungue, kisha mfunike kwa kawa, ambayo ufumaji wake hupitisha hewa. Ndimu nayo isikamuliwe juu ya sahani ya pamoja. Kila mlaji akamue kwenye sehemu yake, anapokuwa tayari kula.

Kwa wasio na oveni, mbinu ya kuweka mkaa juu na chini ya sufuria, inayookea keki na kupalia wali, haifai hapa, kwa sababu mfuniko huuzuia mvuke. Bamia zitakazobaki zihifadhiwe kwenye friji, na kesho yake zirudishwe kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 5 zikiwa zimetandazwa. Maikrowevu itazipasha moto, lakini ukavu wake hautarudi.