Ndoo ya Maji Kabla ya Tanuru

Ndugu zangu, mashine ya kugeuza taka za plastiki kuwa gesi ya kupikia tutaifikia. Kwanza tazameni ndoo hii ya maji. Nimekata kipande cha chupa ya maji ya kunywa, nakitumbukiza na kukisukuma kwa kijiti ili mapovu yatoke. Kimezama. Sasa kifuniko cha chupa hiyohiyo. Kinaelea. Chupa moja, plastiki mbili.

Kifuniko, ndoo nyingi na mifuko laini ni jamii ya polithini na polipropilini. Hizo ndizo tunazozitaka. Chupa yenyewe muuzieni mnunuzi wa makopo. Kwenye joto hutoa unga wa asidi unaoziba mabomba.

Kingine kinachozama ni PVC: mabomba ya maji, maganda ya waya za umeme. Hiyo sitaki kuiona karibu na tanuru. Ina klorini, na ikipata moto hutoa gesi inayokula chuma na mapafu pia. Ukiwa na shaka, nenda nje, pasha waya wa shaba uwe mwekundu, gusisha plastiki, urudishe motoni. Mwali wa kijani? Weka kando.

Haya, tanuru. Hapa hatuchomi taka. Tunabana hewa, na kwenye joto la nyuzi 700 na zaidi taka inageuka gesi inayowaka, hasa kaboni monoksidi na haidrojeni. Ulaya, wakati wa Vita Kuu ya Pili, petroli ilipoadimika, magari yaliendeshwa kwa gesi ya kuni. Lakini kuni hazinati! Polithini ina nishati ya joto zaidi ya megajuli 40 kwa kilo, kuni kavu 16 hivi, basi mtu anapata tamaa ya kuijaza peke yake. Inayeyuka, inaganda juu ya wavu, hewa haipiti, moto unakufa. Changanyeni na vifuu vya nazi, hapa Tanga vipo vya kumwaga. Vifuu vingi, plastiki kidogo.

Na tanuru likae kwenye banda lisilo na kuta. Kaboni monoksidi ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu.

Mama pale nyuma anauliza kama gesi hii ya tanuru ataijaza kwenye mtungi. Hapana, mama. Karibu nusu yake ni naitrojeni ya hewani, haigandamizwi ikawa kimiminika kama gesi ya dukani. Ya kuendeshea jenereta lazima ipoozwe na kuchujwa lami, ule utomvu mweusi unaotoka nayo, kazi kubwa hiyo. Kwa moto wa kupikia inatosha, ila itumike palepale inapotoka. Kwa hiyo kabla hamjamwita fundi wa kuchomelea, tafuteni kwanza mtu anayehitaji moto mchana kutwa: anayechemsha dagaa, anayepika sabuni.