Nondo wa viazi katika joto la Mombasa

Assalamu alaykum, mama zangu na ndugu zangu wauza viazi wa Kongowea.

Nimekuja na kiazi hiki. Tazameni hapa penye jicho: chengachenga nyeusi, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Hicho ni kinyesi cha kiwavi. Nikikikata, mwaona njia zilizochimbwa hadi ndani. Apitapo kiwavi, uozo hufuata. Tumezoea kulaumu safari ndefu na mvua, kumbe mara nyingi mharibifu ni nondo wa kijivu, urefu wake sentimita 1 hivi, arukaye jua likishatua.

Wataalamu humwita Phthorimaea operculella. Kwao ni Amerika Kusini, kama kiazi chenyewe. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 100, akiyabandika kwenye macho ya kiazi au hata kwenye gunia. Huanguliwa baada ya siku 5 hivi. Kiwavi hula kama wiki 2, kisha hujifungia ndani ya kifuko cha hariri, pengine kwenye pindo la gunia au ufa wa ukuta. Baridi ya nyuzi 10 humzuia kukua. Baridi ya Nyandarua humchelewesha; hapa kwetu, kaskazi ikivuma na stoo ya mabati imefungwa, mwezi mmoja watosha kupata kizazi kipya. Kwa hiyo nasema wazi: Mombasa si mahali pa kulimbikiza viazi tukingojea bei ipande.

Nawasihi pia, poda ya kuhifadhia mahindi msiinyunyize kwenye viazi. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kiazi hicho kesho ni kiazi karai mkononi mwa mtoto.

Gunia kuukuu lichemsheni kabla ya kulitumia tena. Viazi vilivyotobolewa vitoeni siku ileile vinapofika, mvifukie chini sana; mkivitupa nyuma ya stoo, nondo watarudi usiku. Madirisha yawekwe wavu wa mbu. Majani makavu ya mwarobaini yaliyopondwa husaidia kuwafukuza, ila kiwavi aliyekwisha kuingia hayamfikii. Na mkulima wenu mwulizeni kama huinulia mashina udongo, kwa maana kiazi kilichochungulia juu ya ardhi hutagiwa mayai huko huko shambani.

Haya, mwenye gunia kuukuu alilete hapa mbele, tuligeuze pindo tuone.