Kitunguu Hakipimi Sumu ya Uyoga

Ndugu zangu, mvua zimeanza hapa Dodoma, na najua kesho alfajiri kuna mama atatoka na beseni kwenda kuokota uyoga. Wapo wanaoamini kwamba ukiupika na kitunguu, chumvi au kijiko cha fedha, rangi ikibadilika una sumu, isipobadilika ni salama. Basi narudia, hata kama mmeshanisikia: kitunguu hakipimi sumu. Chumvi haipimi. Kijiko cha fedha hakipimi. Kuchemsha sana hakuiondoi, kuanika hakuiondoi. Na mdudu kuutoboa uyoga si ruhusa ya wewe kuula.

Kuna jamii ya uyoga inaitwa Amanita. Baadhi yake ina sumu inayoharibu ini. Unakula jioni, unalala vizuri. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa 6 hadi 24. Kisha mgonjwa anapata nafuu, familia inamshukuru Mungu, watu wanarudi shambani, kumbe ini linaendelea kufa. Ni katika nafuu hiyo tunawapoteza watu, na inaniuma kila masika.

Mtaniambia bibi zetu waliokota miaka yote. Kweli, lakini bibi alikuwa na kichuguu chake anachokijua, alichoonyeshwa na mama yake. Uyoga wa kichuguuni ukiuchimbua taratibu, shina linashuka kama mzizi hadi kwenye makazi ya mchwa. Amanita yenye sumu kali ukiichimbua, chini utakuta kifuko kama ganda la yai lililopasuka. Anayekata kwa kisu juu ya udongo anakiacha kifuko ardhini! Na alama hizo peke yake hazimtoshi mgeni. Jiji hili sasa limejaa watu kutoka Kagera, Mbeya, Songea, na kila mmoja anaona uyoga "kama wa kwetu". Kama wa kwenu si wa kwenu.

Wa kichuguu hatuwezi kuulima nyumbani; mkulima wake ni mchwa. Limeni mamama, uyoga unaokubali kulimwa kwenye mifuko. Katakata mabua ya mahindi, loweka, chemsha kwenye pipa, uache yapoe kabisa ndipo uyajaze kwenye mifuko na kutia mbegu. Wengi hawasubiri, mbegu inakufa kwa joto. Mifuko ikae gizani kama wiki 3 mpaka utando mweupe uenee. Kwetu adui ni ukavu: lowesha sakafu, tundika magunia yenye maji.

Ila hili shikeni: mtu akitapika baada ya kula uyoga, mpelekeni hospitali hata akisema amepona, na mbebe uyoga uliobaki, hata maganda mliyotupa jalalani.