Lausitz: kona ya Ujerumani ambayo Wamoravian wa Tanzania tunatakiwa kuijua

Habari za jioni ndugu zangu, asanteni kwa kuja, naona wengine mmesimama huko nyuma, sogeeni tu mbele nafasi zipo. Leo naongelea Lausitz. Wengi wetu Ujerumani tunayoijua ni ya Bayern Munich, Berlin na magari, na hiyo ipo kweli, ila mimi nawapeleka mashariki kabisa, mpakani na Poland na Czech, sehemu ambayo Wajerumani wengi wenyewe hawajawahi kukanyaga. Huko kuna watu wanaitwa Wasorbi, wenye lugha yao ya Kislavi, tofauti kabisa na Kijerumani, na hukohuko ndo kuna Herrnhut, kamji kadogo ambako kanisa la Moravian, lililowabatiza wengi mliomo humu ndani, lilianzia upya. Watu huwa wanazisimulia stori hizi mbili kama hazijuani. Mimi nasema ukiitenganisha moja na nyingine huelewi hata moja.

Wasorbi ni Waslavi, ndugu wa Wapoland na Wacheki, walifika pale karibu karne ya 6. Hawajawahi kuwa na nchi yao. Karne ya 10 watawala wa Kijerumani walianza kusogea mashariki na kuwapiga, na kuna habari ya mwaka 939, ameiandika mtawa mmoja wa zama zilezile anaitwa Widukind, kwamba mtawala wa mpakani aliyeitwa Gero aliwakaribisha wakuu kama 30 wa Kislavi kwenye karamu akawaua usiku huohuo. Baada ya hapo ardhi ikawa ya mabwana wa Kijerumani, miji ikawa ya Kijerumani, lugha ikabaki vijijini kwa wakulima, na huko imekaa zaidi ya miaka elfu moja jamani, bila jeshi bila serikali. Mwaka 1548 mchungaji Mikławš Jakubica alishatafsiri Agano Jipya lote kwa Kisorbi lakini halikuchapwa, likabaki maandishi ya mkono. Mwaka 1815 wakubwa wa Ulaya walipogawana maeneo kule Vienna, Lausitz ikakatwa, kipande kikaenda Prussia kingine kikabaki Saxony, falme mbili za Kijerumani, na upande wa Prussia Kisorbi kilibanwa zaidi mashuleni na makanisani. Wengine walichoka, mwaka 1854 mchungaji Jan Kilian akaondoka na watu zaidi ya 500 kwa meli mpaka Texas, wakaanzisha kijiji chao Serbin.

Waliobaki wakajipanga. Mwaka 1912 wakaunda Domowina, umoja wa vyama vyao, Wanazi wakaufungia 1937, wakawahamisha walimu na wachungaji wa Kisorbi wapelekwe mbali na watu wao. Vita ilipoisha, mwaka 1948 Saxony ikatunga sheria ya kulinda haki za Wasorbi. Leo wanakadiriwa kama 60,000, wanaoongea lugha kila siku ni wachache kuliko hao, na Kisorbi kipo cha aina mbili, cha juu upande wa Bautzen na cha chini upande wa Cottbus, hicho cha chini ndo hali yake mbaya zaidi.

Ukitaka kuwaona wakiwa wenyewe nenda Pasaka, upande wa Wasorbi Wakatoliki. Asubuhi ya Jumapili wanaume wanapanda farasi, makoti meusi na kofia ndefu nyeusi, farasi wamesukwa manyoya na kupambwa maua na riboni, wanazunguka kanisa lao halafu wanaondoka kwenda parokia jirani kutangaza kwamba Yesu kafufuka, wanaimba kwa Kisorbi njia nzima, msafara baada ya msafara, wapanda farasi zaidi ya elfu kwa siku moja. Kijana anayepanda kwa mara ya kwanza anavaa alama maalum watu wote wajue. Lugha ambayo ina siku kama hiyo, ambayo kijana anaisubiri mwaka mzima, haifi kirahisi, ndo maana mimi naamini upande huo wa Wakatoliki ndo umeshika Kisorbi vizuri kuliko kwingine.

Kilichowaumiza sana karne iliyopita ni makaa ya mawe ya kahawia. Yapo karibu na uso wa ardhi kwa hiyo hawachimbi handaki, wanafukua eneo lote, na kijiji kikiwa juu yake kinaondoka. Tangu 1924 vijiji zaidi ya 130 vimebomolewa vyote au sehemu, vingi ni vya Wasorbi. Sasa fikiria, lugha yako inaongewa kanisani, shambani na kwa jirani, halafu majirani wanatawanywa kwenye maghorofa ya mjini, kila mmoja mtaa wake, kanisa limevunjwa, mtoto ataongea Kisorbi na nani? Kijiji cha Horno kilipambana miaka mingi mpaka mahakamani, mwisho kikabomolewa. Sheria ya 2020 inasema Ujerumani iachane na makaa ya kuzalisha umeme kabla 2038 haijaisha, mashimo mengi wameshayajaza maji yakawa maziwa, watalii wanaogelea. Vijiji havirudi. Ila tangu 1998 wana chekechea za Witaj ambako mlezi anaongea Kisorbi tu na watoto, hata wale wanaotoka nyumba za Kijerumani, na hiyo kazi naiheshimu sana.

Haya twende Herrnhut. Mwaka 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Czech, wakiwa na fundi seremala Christian David, walipewa hifadhi kwenye ardhi ya kijana tajiri, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakakata mti wa kwanza wakajenga. Miaka 10 tu baadaye, 1732, wakatuma wamisionari wawili kisiwa cha St. Thomas huko Karibi kwa watumwa Waafrika. Na tusifiche, baadaye misheni hiyohiyo ilimiliki shamba lenye watumwa. Makaburi yao nenda kayaone, mawe yanalala chini karibu yote yanafanana, bwana na fundi sawasawa, isipokuwa ya Zinzendorf na familia yake ambayo ni makubwa.

Stori zinapokutana ni Kleinwelka, karibu na Bautzen. Wasorbi wengi walivutwa na uamsho wa Herrnhut, na katikati ya karne ya 18 wakapata makazi yao pale, watu wakaomba na kuimba kwa Kisorbi. Mmoja aliyepitia hapo ni Johann August Miertsching, Msorbi aliyezaliwa 1817, akatumwa Labrador, Canada ya leo, akajifunza Kiinuit, Waingereza wakamchukua 1850 awe mkalimani kwenye meli ya Investigator kule Aktiki, meli ikanaswa na barafu wakaiacha, akarudi nyumbani hai, halafu akaenda tena Afrika Kusini kufanya kazi ya misheni. Mtoto wa lugha iliyodharauliwa kwao ndo anayeaminiwa kusikia lugha za wengine.

Mwaka 1891 kikundi kingine cha wamisionari wa Herrnhut kikiwa na Theodor Meyer kilipita Zambezi na Ziwa Nyasa kikafika Rungwe, wakajifunza Kinyakyusa wakakifundisha. Walikuja wakati Ujerumani inatuchukulia nchi, hilo halifutiki, na 1898 wakaingia Urambo. Leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani, Herrnhut yenyewe imebaki mji mdogo tu.

Kule Herrnhut kuna jengo la kumbukumbu za kanisa, wamehifadhi shajara za vituo vya misheni, barua na picha, za Rungwe zimo. Wanafunzi wa historia mliopo hapa, ukipata nafasi ya kusoma Ujerumani omba kuingia pale, jifunze kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani mapema maana ndo kikwazo cha kwanza, halafu tafuta majina ya wazee wenu waliobatizwa mwanzo kabisa na yale waliyoyasema wao wenyewe.