Mate yanaweza kurudi baada ya mionzi?

Haya, shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za saa hizi. Leo ni mate, haya haya tunayoyameza bila hata kuyafikiria. Mama yangu mdogo alipigwa mionzi ya shingoni, kansa ikaisha tukamshukuru Mungu, ila toka siku hizo mdomo umemkauka, ugali haushuki bila mchuzi wa kuogelea, usiku anaamka mara tatu nne kunywa maji na meno yameanza kumong'onyoka, na pale alipotibiwa hakuna aliyetuambia mapema. Iliniuma sana, ndo nikaanza kulifuatilia.

Iko hivi. Tezi kubwa za mate zipo jozi tatu, kubwa zaidi iko mbele ya sikio, pale panapovimba ukiumwa matumbwitumbwi. Ndani kuna seli zinazotoa maji ya mate, halafu kuna seli za mifereji inayoyaleta mdomoni. Mionzi inamaliza hasa zile za kwanza. Mifereji inabaki lakini kuta zake hazipitishi maji, yani bomba lipo, kisima kimekauka.

Sasa kule Bethesda, Marekani, kwenye taasisi za taifa za afya, NIH, mtafiti Bruce Baum na wenzake wakawaza, je hizi seli za mfereji zilizosalia zikipewa uwezo wa kutoa maji zenyewe? Maana kuna protini inaitwa akwaporini, kijitundu kwenye ngozi ya seli cha kupitishia maji, Peter Agre alipata Nobel ya kemia 2003 kwa kuzigundua. Wakaichukua jeni yake, yani maelekezo ambayo seli hutumia kuitengeneza, wakaipakia kwenye kirusi kilichokatwa makali kisizaliane, kwa panya waliopigwa mionzi mate yakarudi, hiyo ni 1997, na binadamu wa kwanza akapewa 2008, miaka 11 baadaye jamani! Wagonjwa walikuwa 11, tezi moja tu kila mtu, na hakuna kisu, dawa inapita kwa kimrija chembamba kwenye kitundu cha mfereji ndani ya shavu, usawa wa magego ya juu. Majibu yakatoka 2012: sita mate yaliongezeka, na watano kati yao wakasema wenyewe wanasikia nafuu. Mimi hao watano ndo wananigusa, maana namba ya maabara haimezi ugali. Na kuna waliokutwa bado mate yako juu miaka mitatu na zaidi baadaye, wakati kirusi kile hakikutegemewa kudumu.

Ni watu wachache, najua, na sio dawa ya kwenda kuulizia dukani kesho. Copenhagen, Denmark, nao wamejaribu kurudisha mate kwa seli shina, yani seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine, za kwenye mafuta ya mwili.

Ila kama mna mgonjwa hajaanza mionzi, ulizeni kabla: tezi za mate zitakwepwaje? Uingereza walilinganisha, majibu ya 2011, mwaka mmoja baada ya tiba waliopigwa kawaida 74% walikuwa na ukavu mkubwa wa mdomo, waliokwepeshewa tezi 38%. Mama yangu mdogo hatukumuulizia.

Haya maswali, mama wa pale nyuma ulionyoosha mkono, karibu.